Kome, konokono na umri wa mawe: maziwa ya kale yanavyotupa tarehe (na yanavyotupiga chenga)

Ukishajulikana mtaani kwamba ulisomea miamba basi umekwisha. Kila ukikaa kijiweni hapa Sinza utaulizwa kama kuna madini kwenye kiwanja cha mtu Mbezi, na ukishajibu hamna, swali linalofuata ni lile lile siku zote: sasa nyie mnajuaje kwamba jiwe lina miaka milioni mia mbili, kwani mlikuwepo? Watu wanacheka, kahawa inaongezwa, ila swali lenyewe ni zuri sana na halijibiki kwa stori za kijiweni, kwa hiyo leo naliandika, tena kwa kupitia mlango ambao wengi hawautegemei, yaani kome na konokono wa maziwani.

Wengi wanadhani kuna mashine maabara, unatumbukiza jiwe, inatema namba. Ipo, ila ina masharti yake. Njia maarufu ni ile ya potasiamu na agoni: volkano ikilipuka, punje za madini zinapoa, na ndani yake kuna potasiamu-40 ambayo inaoza taratibu mno (nusu yake inachukua kama miaka bilioni 1.25 kuisha) na sehemu yake inageuka kuwa gesi ya agoni ambayo inanasa humo humo ndani ya punje. Ukipima kilichooza na kilichobaki unapata miaka. Ndivyo Olduvai ilivyopata tarehe yake mwaka 1961, miaka milioni 1.75 kwa tabaka la chini alikotoka Zinjanthropus (lile fuvu la jamaa wa kale wa binadamu), na dunia nzima ikashtuka maana hakuna aliyetegemea mabaki yale yawe ya zamani kiasi kile. Lakini Olduvai ina bahati, imezungukwa na volkano. Sasa nenda kwenye tope la ziwa lililogeuka mwamba, halina majivu hata chembe, punje zote zimeletwa na mto kutoka milimani. Ukizipima unapata umri wa ule mlima, tope lenyewe litakuwa limetua pale muda mrefu sana baadaye. Hapo mashine yako ya mamilioni haina msaada, na ndipo anapoitwa kome.

Mantiki yake ni rahisi. Chukua albamu ya picha ya bibi yako, haina tarehe hata moja, ila ukiona mjomba kavaa bugaluu na kafuga afro unajua fika hiyo ni miaka ya sabini, huhitaji kuuliza. Viumbe nao wana zama zao, wanatokea, wanaenea, wanapotea na hawarudi, kwa hiyo tabaka lenye kiumbe fulani linalingana na tabaka lingine lenye kiumbe huyo huyo hata kama liko mbali. Mwingereza William Smith aliliona hili akichimbisha mifereji na kutembelea migodi, na mwaka 1815 akachapisha ramani ya miamba ya nchi yake kwa kutegemea sana wazo hilo. Cha kushika hapa: kiumbe anakupa mpangilio, nani katangulia nani kafuata. Miaka yenyewe lazima uiazime kwingine.

Kwa baharini mambo ni mteremko, bahari imeungana, mabuu ya chaza na wenzake yanasafirishwa na mikondo, mtindo mpya ukitokea unafika mbali haraka. Angalia Tendaguru kule Lindi, walikochimba Wajerumani mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913 na mifupa ikaishia Berlin. Stori ya dainosaria inasimuliwa kila siku ila wachache wanasema kwamba matabaka yale ya mifupa yamepishana na mchanga wa bahari, na ni magamba na viumbe wengine wa ule mchanga waliosaidia kuipangia mifupa zama zake. Jamii ya trigonia (chaza wa kale wa baharini) iliyopo tabaka moja ni ya Jurasiki, zama za kati za dainosaria, na ndugu zake wa tabaka la juu zaidi ni wa Kretasia, zama zinazofuata. Mjusi wa tani nyingi anategemea kitu cha kukaa kiganjani ili ajulikane aliishi lini, mi hili hunifurahisha kila nikilifikiria.

Ziwa sasa ni kesi nyingine. Ziwa ni kijiji kisicho na barabara, mitindo yake inabaki humo humo. Kome wa ziwa hili anaweza asiwe na ndugu yeyote ziwa la jirani, na afadhali hata hiyo, balaa ni kwamba kome mmoja huyo huyo akikaa kwenye mkondo mkali anakuwa na umbo lingine, akikaa kwenye tope tulivu anarefuka, wataalamu wawili wakikaa mezani mmoja atasema spishi mbili mwingine atasema ni moja, na wanaweza kubishana mpaka wastaafu. Ongeza na kwamba maji yenye asidi kidogo yanayeyusha gamba lote, unabaki na alama tu kwenye tope. Na bado, pamoja na vituko vyote hivyo, kuna sehemu ambazo tusingekuwa na kitu bila wao.

Ruhuhu, kwa mfano. Bonde la Ruhuhu kule kusini, ukanda wa Songea na Ludewa, ndiko kwenye matabaka ya Karoo (miamba ya kale iliyopewa jina la eneo la Afrika Kusini) na makaa ya mawe. Ukipasua lile tope gumu la kijivu kwa nyundo, ukapiga kwa ubavu ili lichanike kwenye mistari yake, mara nyingine unakutana na kome wamelala ndani. Hapo usikimbilie kupiga picha, angalia kwanza wamelalaje. Kama magamba mawili bado yameshikana, yamefunguka kidogo ubavuni, huyo alifia pale pale au karibu sana, maana kile kiungo cha kushikia kinaoza mapema na maji yakimviringisha kidogo tu anaachana. Kama ni gamba moja moja na mengi yamelala kifudifudi, mgongo juu, basi kulikuwa na mkondo, ndivyo gamba linavyotulia maji yakipita juu yake. Hiyo inakuambia kama kome unayemtumia kwa tarehe ni mwenyeji wa tabaka lile au ameletwa na mto kutoka tabaka la zamani zaidi lililokuwa linamomonyoka, na tofauti hiyo inaweza kukuharibia kazi yote.

Kuhusu kome wa Karoo kuna Mrusi mmoja namkubali sana, Vladimir Amalitsky. Alikuwa anashughulika na kome wa maji baridi wa Permiani (zama zilizotangulia dainosaria) nchini Urusi, kuna jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, inaitwa Palaeomutela ambayo inahusishwa naye. Mwaka 1895 akachapisha makala kule London akilinganisha kome wa Urusi na wale wa Karoo ya Afrika Kusini, akisema hawa ni ndugu, matabaka haya ni ya zama moja. Fikiria mwaka wenyewe, 1895, hakuna mtu anaongelea mabara kuhama kwa uzito (Wegener alikuja na hoja yake 1912), na huyu bwana anakuambia tope la Volga na tope la Karoo yanaendana kwa sababu ya kome wadogo. Wala hakuishia kwenye kuandika, akafikiri hivi: kama kome wanafanana, basi na wale reptilia wa ajabu wa Karoo lazima wapo na huku kwetu. Akaenda na mkewe Anna kwenye mto Dvina ya Kaskazini, na kuanzia 1899 wakachimba mifupa kweli kweli, akiwemo mla nyama mmoja mwenye meno marefu kama visu ambaye leo anaitwa Inostrancevia.

Kwa miaka mingi Inostrancevia alihesabiwa kuwa wa Urusi tu. Mwaka 2023 akatangazwa wa Afrika Kusini, na muda si mrefu baadaye wataalamu wakaonyesha kwamba yupo na kwetu, kwenye mawe ya Usili, moja ya matabaka ya huko huko Ruhuhu. Yaani hoja iliyoanza na kome mwaka 1895 imekuja kukamilishiwa Tanzania baada ya zaidi ya karne moja, na sijaona gazeti lolote hapa mjini likiiandika, ila mechi ya Simba na Yanga inachambuliwa wiki nzima. Haya tuache.

Sasa miaka yenyewe ya Ruhuhu inatoka wapi? Inaazimwa. Karoo ya Afrika Kusini ina matabaka ya majivu ya volkano katikati ya yale ya reptilia, majivu yakapimwa, yakatoa namba. Ruhuhu inaunganishwa na kule kwa viumbe, mijusi kwanza na kome wakiwa wasaidizi, halafu namba zinahamishiwa huku, ndiyo maana utasikia Usili ina kama miaka milioni 255. Ni mnyororo, na mnyororo una viungo, ukiniuliza kijiweni nitakuambia milioni 255 kwa kujiamini ila moyoni najua imepita mikono mingapi. Kome wetu wenyewe nao waliandikwa mapema, mwaka 1936 mtaalamu wa magamba L. R. Cox alieleza kome wa Karoo kutoka Tanganyika na Madagascar, na jenasi mmojawapo akaitwa Kidodia. Ndiyo, Kidodi ile ile ya Morogoro unayopita ukielekea Ifakara huku macho yako yote yako kwenye miwa.

Waingereza walienda mbali zaidi na kome wa makaa ya mawe kwa sababu kulikuwa na pesa. Mgodini unachimba mshipa wa makaa, unafika kwenye ufa, mshipa umekatika, upande wa pili kuna mishipa mitano yote myeusi yote inafanana, upi ni wako? Ila katikati ya mishipa kuna kanda za tope zenye kome, akina Carbonicola na Naiadites, na hawa hubadilika kadiri unavyopanda juu. Mwaka 1927 Davies na Trueman wakapanga zile kanda kwa mfuatano kiasi kwamba mtu akileta kome unajua uko sehemu gani ya mfululizo. Walilazimika kuwa wajanja kidogo, badala ya kumtazama kome mmoja mmoja waliangalia kundi zima na jinsi linavyotofautiana lenyewe kwa lenyewe, kwa sababu ya ule ugomvi wa maumbo niliousema juu.

Konokono nao wana shujaa wao. Kule Steinheim, kusini mwa Ujerumani, kuna shimo lililopigwa na kimondo kama miaka milioni 15 iliyopita, likajaa maji likawa ziwa, na ziwa likajaa konokono wadogo bapa. Franz Hilgendorf akawa anawakusanya tabaka kwa tabaka, akaona wanabadilika umbo kutoka chini kwenda juu, wengine wananyanyuka, wengine wanapata kingo, na mwaka 1866 akachapisha mti wa ukoo wao, ambao ni kati ya miti ya kwanza kabisa ya namna hiyo kuchorwa kutokana na visukuku (mabaki ya viumbe yaliyohifadhika kwenye miamba), miaka saba tu baada ya kitabu cha Darwin. Miaka michache baadaye wataalamu wengine wawili, Neumayr na Paul, wakaonyesha kitu kama hicho huko Slavonia, konokono laini chini, wenye matuta juu, na Darwin mwenyewe akamwandikia Neumayr kumsifia. Halafu huyu Hilgendorf, sijui wangapi wanajua, ndiye aliyeandika samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1888 na kuanzisha jina la jenasi Haplochromis. Ni furu! Furu wale wa Mwanza ambao watoto wanawavua kwa ndoano ya pini, jina lao la kitaalamu katunga mtu wa konokono.

Tukiwa bado maziwani kwetu, twende Tanganyika, maana huko ndiko konokono walikowapiga watu chenga ya mwaka. Kuna mzee mmoja Kariakoo anauza migebuka na dagaa wa Kigoma, mezani kwake pana kopo la kahawa lina konokono kadhaa wagumu, wana matuta matuta kama wamechongwa, rangi ya udongo. Nilipomkuta mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo halafu nikakaa pembeni kuwasikiliza wateja, kila anayelishika lile gamba anasema hili la Kunduchi hili, au la Bagamoyo. Mzee anawajibu bila kuinua macho kwenye daftari, "Bahari gani mwanangu, hilo la ziwani kwetu." Hawaamini. Nami siwalaumu, ukilishika ni zito, gamba nene, mdomo umekazwa, halina ule wepesi wa konokono wa dimbwi ambaye ukimbana na vidole anapasuka.

Basi ndivyo ilivyokuwa kwa wazungu. Mpelelezi Speke alipofika ziwani na mwenzake Burton mwaka 1858 alirudi na magamba, na mtaalamu S. P. Woodward akayaandika mwaka uliofuata. Kadiri yalivyozidi kuletwa watu wakazidi kushangaa, hawa mbona wana sura ya bahari? Mwaka 1883 Richard Böhm akaona hadi kiwavi-maji wa jamii ya jelifishi humo ziwani, mnyama ambaye mtu wa pwani anamjua kwa kumwasha miguu. Hapo Mwingereza mtaalamu wa wanyama, J. E. S. Moore, akashawishika kabisa, akaenda huko mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima akidai kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya Jurasiki, konokono wake ni masalia ya konokono wa bahari waliokwama humo bara. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba magamba ya Tanganyika yanafanana na visukuku vya Jurasiki vya Ulaya. Kwa maneno mengine alilitolea ziwa cheti cha kuzaliwa kwa kuangalia sura ya konokono.

Ikaja kuonekana kwamba konokono wale kwa ndani, mwili wenyewe, ni ndugu wa konokono wa maji baridi wa Afrika, hawana ubahari wowote. Ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, ni zee sana kwa ziwa ila kwa Jurasiki ni mtoto mchanga. Na ule unene wa gamba? Kaa. Tanganyika ina kaa wenye magando mazito ya kuvunjia konokono, na watafiti walipowapa kaa hao konokono wa ziwani, wale wenye gamba nene ndio waliokuwa wagumu kuvunjwa. Wamekaa pamoja muda mrefu, kaa anaongeza gando, konokono anaongeza gamba, mwisho wote wanakuwa na silaha za baharini wakati bahari hawajawahi kuiona. Kufanana si undugu. Kila mtu anayetaka kutoa tarehe kwa gamba inabidi amkumbuke Moore, ambaye wala hakuwa mjinga, alikuwa mtu makini tu aliyeamini macho yake.

Mahali ambapo gamba na mashine vinakaa meza moja ni Turkana, Kenya. Kule kuna konokono na kome kwa mamilioni na katikati yao majivu ya volkano yanayopimika. Peter Williamson alipanda nayo tabaka kwa tabaka na mwaka 1981 akatangaza kwamba konokono walikaa bila kubadilika muda mrefu halafu wakabadilika ghafla ziwa liliposhuka. Wengine baadaye wakapinga, akiwemo Bert Van Bocxlaer, kwamba huenda yale maumbo mapya ni wageni waliotoka kwingine, au ni mabadiliko ya mazingira tu. Ubishi wa maumbo ule ule, haujaisha.

Ila stori ya Turkana ninayoipenda zaidi ni ya nguruwe, na naiingiza hapa kwa nguvu kwa sababu inajibu swali la nani amwamini nani. Majivu yanayoitwa KBS yalipimwa yakatoka na miaka milioni 2.61, maabara nzuri, namba nzuri, na fuvu maarufu la binadamu wa kale lenye namba 1470 lililookotwa mwaka 1972 lilikuwa chini yake. Watu wa visukuku wakaangalia nguruwe wa matabaka yale wakasema haiwezekani, nguruwe hawa hawa kule Omo, Ethiopia, ni wa miaka milioni 2 hivi. Wakagombana miaka, na mwisho vipimo vipya vikatulia kwenye kama milioni 1.88. Nguruwe walikuwa sahihi. Punje za zamani zilikuwa zimechanganyika kwenye sampuli. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema visukuku ni kubahatisha na maabara ndiyo sayansi, huwa namsimulia hiyo kwanza.

Kaboni-14 nayo usiisahau, hasa kwa magamba ya juzi juzi. Konokono anajenga gamba kwa chokaa iliyomo majini, na kama maji yametoka kwenye miamba ya chokaa ya kale basi kaboni yake imeshakufa zamani, hana kosa yeye. Mwaka 1984 ilichapishwa kwamba konokono waliokuwa hai kwenye chemchemi za Nevada, Marekani, walipopimwa walionekana wana miaka kama 27,000. Wako hai, wanatembea! Kwa hiyo mtu akija na gamba kutoka chemchemi ya mawe ya chokaa na risiti ya maabara, muulize kwanza maji ya pale yanatoka kwenye mwamba gani.

Nako Uingereza kuna mchezo mtamu wa kutumia asiyekuwepo. Chini ya Trafalgar Square, London, walipatikana viboko, wa kama miaka 125,000 iliyopita, kipindi cha joto. Kuna kome mdogo, Corbicula, ambaye jamii yake ipo hadi Ziwa Victoria, naye alifika Thames vipindi vingine vya joto vilivyotangulia, ila kipindi cha viboko hayupo. Kwa hiyo kwenye kokoto za Thames, ukimpata Corbicula mwenyeji wa tabaka la kale unajua tabaka hilo si la kipindi cha viboko, hata kama hujaona mfupa mmoja.

Najua baada ya hii nitatumiwa picha za mawe WhatsApp, na nyingi zitakuwa za matumbawe ya Kunduchi, hayo ni ya bahari, mazuri ila siyo haya. Kama kweli umeona kome kwenye mwamba wa bara, karibu na machimbo au barabara mpya inakokatwa, liache jiwe palepale kwanza. Weka sarafu pembeni, piga picha ukuta mzima na siyo gamba peke yake, onyesha kuna nini juu yake na nini chini yake, andika ni wapi. Gamba lililotolewa kwenye tabaka lake na kuletwa Dar kwenye mfuko halina tarehe tena kwa mtu yeyote, hata kwa Amalitsky. Na kuchimba visukuku kunataka kibali cha watu wa mambo ya kale, usije ukaniambia ni mimi niliyekutuma.